Chimba Hadi Kwenye Kitako: Uyoga wa Kwenye Nyasi za Misindano

Kamwene! Shikamooni wazee wetu. Akina mama wa vikapu, vijana wa kupogolea, walimu mliokuja na wanafunzi, asanteni kwa kuacha shughuli zenu asubuhi hii.

Tunazungumzia uyoga unaoota kwenye nyasi chini ya misindano, miti ambayo wengi wetu tunaiita mipaina. Uyoga wa miombo mnaufahamu kuliko sisi, na wa kichuguu vilevile. Huu wa misindano ni habari nyingine. Kabla ya yote, shikeni neno moja: ukiukata uyoga wa msindanoni juu ya ardhi, umeiacha udongoni sehemu ambayo ingekuambia kama utakuua.

Tuanze na mti wenyewe, kwa sababu ndio ulioleta mambo haya. Msindano uliojaa Mufindi, ambao kitaalamu ni Pinus patula, asili yake ni Mexico. Mti huu hauwezi kustawi peke yake. Ncha za mizizi yake hufunikwa na nyuzi nyembamba za kuvu. Kuvu huupa mti maji na fosfati, na mti huipa kuvu sukari. Wanaofanya kazi kwenye vitalu wanalijua hili kwa mikono yao: udongo wa viriba huchanganywa na udongo uliotoka chini ya misindano mikubwa. Usipouchanganya, miche inadumaa na kugeuka njano hata ukiimwagilia kila siku. Uyoga tunaouona mvua zikikolea ni tunda la kuvu hiyo. Kwa hiyo mti ulipokuja, wenzake wa mizizini walikuja nao kupitia udongo na miche, na miongoni mwao wamo wanaoliwa na wamo wauaji.

Hapa ndipo penye hatari ambayo haisemwi vya kutosha. Elimu ya bibi zetu kuhusu uyoga ni elimu ya kweli, imepimwa kwa vizazi, ila ni elimu ya msitu mwingine. Chukueni mfano huu. Katika miombo ya Tanzania, Zambia na Malawi huliwa uyoga mkubwa mweupe, wenye rangi kama ya moshi katikati ya kofia, pete mguuni na kikombe chini. Wataalamu wanauita Amanita zambiana. Mtu aliyelelewa akiula anapokutana na uyoga mweupe wenye pete na kikombe chini ya misindano, moyo wake unamwambia, “Huyu namjua.” Hamjui. Katika mashamba ya misindano, hapa Tanzania na Afrika Kusini pia, umerekodiwa uyoga unaoitwa kitaalamu Amanita phalloides, ambao ndio huua watu wengi zaidi duniani kuliko uyoga mwingine wowote. Ni ndugu wa ule wa miombo, na ndugu hufanana.

Sasa tutaje viungo vya uyoga ili tuelewane tunaposema. Juu kuna kofia. Chini ya kofia kuna vipande vyembamba vilivyosimama kama kurasa za kitabu. Hivyo tutaviita matamvua, kama ya samaki. Uyoga mwingine hauna matamvua, una matundu madogo kama sponji. Kisha kuna mguu. Katika baadhi ya uyoga mguu una pete, yaani ngozi laini inayoning'inia kama sketi. Mwisho wa mguu ni kitako, na kitako ndicho kinachoweza kuwa kimekaa ndani ya kikombe, mfuko mweupe wa ngozi kama ganda la yai lililopasuka. Kikombe mara nyingi kimezama chini ya udongo na sindano zilizooza. Ukipita na kisu ukafyeka, kinabaki shimoni, nawe unaondoka na uyoga unaoonekana hauna hatia.

Namna ya kuuchimba ni hii. Chukua kisu kirefu au kijiti kilichochongwa ncha. Ondoa kwanza sindano na majani makavu kwa vidole, taratibu. Choma ardhi umbali wa kama sentimita 5 kutoka mguuni, kuzunguka pande zote, kina cha sentimita 10 hadi 15, kisha uinue pamoja na bonge la udongo. Usivute. Ukivuta, mguu unachomoka na kikombe kinabaki. Bonge likishatoka, limenye kwa vidole hadi uone kitako kizima. Kwenye kila sehemu mpya chimba angalau mmoja mchanga na mmoja uliokomaa, maana uyoga hubadilika sura kwa siku mbili tatu kiasi cha kudhani ni aina mbili tofauti.

Amanita phalloides ukoje? Kofia yake hufika sentimita 5 hadi 15, ni laini, haina magamba, na inang'aa kidogo ikiwa na unyevu. Rangi yake ndiyo inayowachanganya watu: kwa kawaida ni kijani kilichochanganyika na unjano, kama embe bichi linaloanza kubadilika, lakini iko iliyofifia karibu kuwa nyeupe, na iko ya kahawia hafifu. Kwa hiyo msiutambue kwa rangi. Utambueni kwa mambo manne yanayokwenda pamoja: matamvua meupe yanayobaki meupe hata uyoga ukizeeka, pete mguuni, kitako kilichovimba kama kitunguu, na kikombe. Pete inaweza kudondoka, mvua au konokono akaimaliza. Ukikuta matamvua meupe na kikombe, hata bila pete, uache pale pale. Kwa uyoga wa msindanoni hatuna nafasi ya kubahatisha kwenye kundi hilo lote, na tunasema wazi kwamba ni afadhali kuacha kumi wazuri kuliko kubeba mmoja huo.

Ndugu yake mwekundu, Amanita muscaria, ni rahisi zaidi. Kofia nyekundu yenye vidonge vyeupe, upana wa sentimita 8 hadi 20, matamvua meupe, pete, na kitako chenye mistari ya magamba badala ya mfuko. Wazazi, huu ndio unaowavutia watoto kwa uzuri wake. Vile vidonge vyeupe huoshwa na mvua kubwa, na jua huififisha kofia ikawa ya rangi ya chungwa, hivyo mwambie mtoto asitegemee vidonge. Sumu yake ni ya namna nyingine: ndani ya nusu saa hadi saa mbili mtu analewa, anapepesuka, anaweweseka, anasinzia usingizi mzito. Ni nadra kuua mtu mzima mwenye afya, lakini mtoto mdogo ni jambo tofauti kabisa.

Tukitoka kivulini tukaingia kwenye nyasi zenyewe, yaani penye mianya, kingo za shamba, na njia za kuzuia moto, mambo yanachanganyika. Wengi husema, “Huu umeota kwenye nyasi, si wa msindano.” Si hoja. Mizizi ya msindano hutambaa mbali kupita kivuli cha matawi, na uyoga wake unaweza kuchomoza kwenye nyasi tupu mita kadhaa kutoka kwenye shina. Mahali pa kuota panakusaidia kukisia, hapathibitishi kitu.

Ndani ya nyasi hizo kuna mwingine anayelaza watu mara kwa mara, Chlorophyllum molybdites. Ni mkubwa, kofia sentimita 10 hadi 25, nyeupe yenye magamba ya kahawia yaliyokusanyika katikati, na pete inayoweza kusogezwa juu na chini mguuni. Huota kwa mstari wa upinde au duara kamili. Ukiwa mchanga, matamvua yake ni meupe safi, na hapo hufanana sana na uyoga mwingine mkubwa wa nyasini unaoliwa. Ukikomaa, matamvua hugeuka kijivu cha kijani. Tofauti hiyo haionekani asubuhi ya kwanza, ndiyo maana watu wanaupenda ungali mchanga, kisha ndani ya saa moja hadi tatu baada ya kula wanatapika na kuharisha, wakati mwingine damu. Watu wazima wengi hupona, lakini maji yanayopotea mwilini yanaweza kummaliza mtoto au mzee.

Dawa ya utata huu ni unga wa uyoga, yaani vumbi la mbegu zake. Kila mtu anaweza kuuchukua nyumbani bila kifaa chochote cha gharama. Kata mguu karibu kabisa na kofia. Weka kofia, matamvua yakitazama chini, juu ya karatasi ambayo nusu yake ni nyeupe na nusu nyeusi. Unga mweupe hauonekani kwenye karatasi nyeupe. Kama huna karatasi nyeusi, tumia kioo au kipande safi cha glasi kisha ukiangalie kikiwa juu ya kitu cheusi, halafu juu ya kitu cheupe. Dondoshea kofia matone mawili ya maji ikiwa imeanza kukauka, funika kwa bakuli ili upepo usipeperushe, acha usiku mzima. Asubuhi unainua kofia na kukuta mchoro wa matamvua umejichora wenyewe.

Unga wa kijani ni Chlorophyllum molybdites, usiule. Unga wa kahawia iliyoiva kama chokoleti ni wa jamii ya Agaricus, ule wa matamvua ya waridi yanayogeuka kahawia. Hata huo, kwaruza kitako kwa ukucha, na kikigeuka njano kali na kunuka kama dawa ya hospitali, utupe, kwani unasumbua tumbo. Unga wa rangi ya waridi hafifu ni wa uyoga wa kichuguu. Unga mweupe ni wa Amanita, lakini pia ni wa uyoga mwingine mwingi unaoliwa, kwa hiyo weupe peke yake hauhukumu. Unakurudisha kwenye kitako. Na kama kofia haikuacha unga wowote, mara nyingi ni changa mno. Kofia isiyoacha unga haijasema chochote, na mtu asiichukulie kimya chake kuwa ruhusa ya kupika.

Uyoga wa kichuguu tunautaja kwa haraka kwa kuwa mnaufahamu. Mchwa hawajali kwamba juu yao kuna misindano, hivyo unaweza kuukuta humo humo. Alama yake ni mguu unaoendelea chini kama mzizi mrefu hadi kwenye bustani ya mchwa, ncha iliyochongoka katikati ya kofia, na hauna kikombe. Fuateni mzizi huo hadi mwisho. Ule mdogo sana unaoota kwa mamia, Termitomyces microcarpus, hauna mzizi mrefu, kwa hiyo usiutumie kama kipimo cha ndugu zake wakubwa.

Kuna kosa jingine la kusikitisha: uyoga ungali yai. Amanita huanza kama yai, mara nyingi jeupe, nusu udongoni, na yai hilo hufanana na ule uyoga wa mpira mweupe usio na mguu, unaoliwa ukiwa mchanga. Kila mpira upasuliwe katikati kutoka juu kwenda chini, kila mmoja, si mmoja kwa niaba ya kikapu. Ukiwa mweupe mtupu ndani, laini kama jibini, bila mchoro wowote, ni uyoga wa mpira. Ukiona umbo la uyoga mdogo limelala ndani, kofia na mguu, ni Amanita. Ukiona weusi wenye zambarau na ganda gumu nene, ni Scleroderma, unaopatikana sana misindanoni, nao unadhuru tumbo. Ukianza kuwa njano au kijani ndani, hata kama ni uyoga wa mpira wa kweli, umepitwa na wakati.

Baada ya maonyo hayo yote, tuwaoneshe mnachokikanyaga kila siku bila kukijali. Ni uyoga wa sponji, jamii ya Suillus. Chini ya kofia hauna matamvua, una matundu ya njano. Kofia ni ya kahawia au rangi ya chungwa iliyokolea, sentimita 4 hadi 12, na ina ute unaonata vidoleni wakati wa mvua. Mara nyingi utakuta sindano za paina zimegandia juu yake. Suillus granulatus hauna pete. Ukiwa mchanga matundu yake hutoa matone kama maziwa, na sehemu ya juu ya mguu ina vidoadoa. Suillus luteus una pete inayogeuka zambarau ya kahawia. Yote miwili huishi na misindano. Huko Ecuador na Chile, ambako misindano ni migeni kama hapa, watu huuchuma mashambani, huukausha na kuuuza.

Kuuandaa kuna utaratibu, na anayeuruka anapata tumbo. Menya ngozi yote yenye ute, kwa kuwa ndiyo inayoharisha watu. Ng'oa sponji ya chini ikiwa uyoga umekomaa. Inanyonya maji na kuwa kamasi chunguni. Kata mguu na kofia, na kipande chenye vijitundu vya funza kitupwe. Kinachobaki kikatwe vipande vya unene wa nusu sentimita, kipikwe hadi kiive kabisa, kwa angalau dakika 20. Kwa kukausha, tandaza vipande bila kupandana juu ya wavu au mkeka ulioinuliwa, juani penye upepo, hadi vivunjike kama biskuti. Vikikunjika bila kuvunjika bado vina maji, na vitaota ukungu ndani ya wiki. Tegemeeni kilo moja kavu, au pungufu, kutoka kwenye kilo 10 mbichi. Anayekula mara ya kwanza ale vijiko viwili tu na asubiri hadi kesho yake, kwa sababu wapo watu ambao miili yao inaukataa, hata ukiwa salama kwa wengine.

Mkienda kuchuma, bebeni kikapu au ungo, si mfuko wa plastiki. Ndani ya plastiki uyoga hutoa jasho, hupata joto na kuoza kwa saa chache, na watu wakiugua hulaumu aina ya uyoga wakati kosa ni la mfuko. Kila aina ifungwe peke yake kwenye karatasi au jani la mgomba. Msichanganye usiojulikana na unaojulikana, hata kwa nia ya kwenda kuuliza nyumbani. Vijana wenye simu, piga picha nne: juu ya kofia, chini ya kofia, mguu mzima na kitako chake, na mahali ulipoota. Picha moja ya kofia haimsaidii mtaalamu yeyote, na programu za simu zinazokisia jina hukosea hasa kwenye uyoga unaofanana, ambao ndio tunaoogopa.

Na sasa vipimo vya jikoni. Tunavisema kwa heshima, maana vimetoka kwa watu tunaowapenda. Kijiko au sarafu ya fedha kugeuka nyeusi: sumu ya Amanita phalloides haigusi fedha kabisa. Kitunguu saumu kubadilika rangi: vivyo hivyo. “Umeliwa na konokono, basi ni salama”: konokono, funza na hata baadhi ya wanyama hula vitu vinavyomuua binadamu. Ngozi ya kofia kumenyeka: ya Amanita phalloides inamenyeka vizuri sana. Kuchemsha na kumwaga maji, kutia chumvi, kukausha juani: sumu yake inastahimili moto na inastahimili jua. Ladha nayo haisaidii. Walionusurika wamesema ulikuwa mtamu. Uyoga mmoja wa wastani unatosha kumuua mtu mzima.

Sumu hiyo inavyofanya kazi ndiyo inayodanganya familia. Umekula saa mbili usiku, ukalala mzima. Kati ya saa nane usiku na kesho yake mchana ndipo unaanza kutapika na kuharisha maji kwa nguvu. Siku ya pili au ya tatu unapata nafuu, unaomba uji, ndugu wanashukuru Mungu na kukurudisha nyumbani. Wakati huo ini linakufa, kwa sababu sumu imezuia seli zake zisitengeneze protini. Macho yanageuka njano, mkojo unapungua, na hapo hospitali ina kazi ngumu sana. Kwa hiyo saa ya kuanza kuumwa ni taarifa kubwa: maumivu yaliyoanza saa 6 au zaidi baada ya kula uyoga ni ya hatari kuliko yaliyoanza mapema. Lakini yaliyoanza mapema hayamwondoi mtu hatarini, kwani chungu kimoja kinaweza kuwa na aina mbili.

Likitokea, wote waliokula waende kituo cha afya au hospitali, hata asiyeumwa. Msisubiri asubuhi. Chukueni mabaki ya uyoga mbichi, maganda yaliyomenywa, hata mboga iliyobaki, mfunge kwenye karatasi. Mwambieni daktari saa mliyokula na saa ya mtu wa kwanza kuumwa. Msimpe mgonjwa maziwa, mafuta wala mitishamba, msimtapishe kwa vidole. Akiwa macho na anameza, mpeni maji kidogo kidogo njiani. Akipata nafuu siku ya pili, kataeni kuondoka hadi damu ipimwe kuona hali ya ini. Ndiyo maana tunawasihi kila mnapopika uyoga wa porini, mweke mmoja mbichi, mzima na kitako chake, mahali pakavu na penye ubaridi, kwa siku mbili.

Tusogee mezani. Hapa kuna mabonge manne ya udongo, hatujayamenya, na kila moja lina uyoga uliochimbwa leo alfajiri kutoka kwenye nyasi za ukingo wa shamba. Pembeni kuna mabakuli manne yaliyofunika kofia za uyoga wa sehemu hizo hizo tangu jana saa kumi na mbili jioni. Mama uliyekaa mbele, njoo utufunulie la kwanza, na utuambie unga wake ni wa rangi gani kabla hatujagusa kitako.